Sahihi Yangu Chini ya Wosia Wake

Sogea karibu kidogo, wewe unayenisikiliza, maana leo sitapaza sauti. Nilifundisha darasa la tatu kwa miaka mingi, na najua mtu akieleweshwa kwa kelele hushika kelele tu. Nitaenda polepole. Ukipotea mahali rudi nyuma, hakuna atakayekucheka.

Nataka kukueleza jinsi nilivyopoteza kisiagi kwa kutia sahihi, na jinsi kilivyorudi, ingawa hakikurudi chote.

Kisiagi ni mashine ya kusaga nafaka. Chetu kiko Makongeni, Thika, kwenye ploti nyembamba kati ya kinyozi na mama anayeuza mitumba. Watu huleta mahindi kwa ndoo na kwa magunia, wanaondoka na unga ukiwa bado moto. Mzee wangu alikuwa nacho kabla hajanioa. Alikuwa amefiwa na mke wake wa kwanza na kuachiwa mtoto mmoja wa kiume, na mtoto huyo alikuwa darasani mwangu. Nilipoolewa na baba yake, aliendelea kuniita Mwalimu, shuleni na nyumbani. Hakuna aliyemrekebisha, hata mimi. Baadaye tukapata mabinti wawili, wao wakaniita Mama. Nyumba ilizoea hivyo.

Sasa nikueleze kuhusu sahihi, maana hapo ndipo kosa lilipozaliwa.

Zamani mzee wangu alitaka kuuza kipande cha shamba alichopewa na baba yake. Akaenda kwenye bodi ya ardhi, ile kamati inayoidhinisha mauzo ya mashamba, akiwa na mnunuzi na karatasi zote. Mwenyekiti akamtazama, akauliza, "Mama yuko wapi?"

"Yuko shuleni, anafundisha."

"Basi mauzo yako yamfuate huko huko shuleni. Ukirudi, rudi naye."

Watu wakacheka ukumbi mzima. Alirudi nyumbani amenuna. Lakini neno hilo lilimwingia. Tangu siku hiyo hakuna karatasi ya mali iliyopita mezani petu bila mimi kutia sahihi, hata risiti ya mota ya kisiagi. "Karatasi isiyo na mke ni karatasi ya wizi," alipenda kusema, na wanaume wengi wa huku kwetu wangekuambia hivyo hivyo. Tumefunzwa na bodi, tumefunzwa na benki, tumefunzwa na wajane waliotupwa nje. Mke akikosekana kwenye karatasi, watu huuliza kuna nini.

Ndiyo maana siku alipoandika wosia hatukufikiri mara mbili. Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, vyombo bado viko mezani. Tulikuwa tumemzika rafiki yake wiki hiyo, na watoto wa huyo rafiki walikuwa wameanza kurushiana maneno kabla maua hayajanyauka kaburini. Mzee wangu alichukua karatasi ya fuliskepu akaandika kwa mkono wake. Ploti ya Ruiru iende kwa watoto watatu sawasawa. Kisiagi na ploti yake ya Makongeni ni vya mke wangu. Basi. Nusu ukurasa.

Alimwita mzee mmoja wa kanisa aje awe shahidi. Mzee alisoma akifuata kila mstari kwa kidole, akatia sahihi, kisha akaniangalia. "Na Mama Mwalimu atasaini?"

"Atakosaje?" mzee wangu akasema. "Unataka waseme nilimficha?"

Nami nikadakia, "Mkiniacha nje hapo, nitajua kuna mke mwingine Juja."

"Haiya! Juja na nauli ilivyopanda?" mzee wangu akasema, na mzee wa kanisa akacheka mpaka akavua miwani.

Nilitia sahihi. Sahihi yangu ni nzuri, nakuambia bila kujisifu. Nikapiga mstari chini yake kwa rula.

Alikufa miaka miwili baadaye, wakati wa mvua ndefu, mchana, hospitalini. Nilikuwa nimetoka kwenda kumtafutia uji. Niliporudi nilikuta pazia limevutwa, na nikasimama pale na chupa ya uji mpaka muuguzi akaipokea.

Watu huniuliza nilijisikiaje. Nakueleza kwa ukweli: sikujisikia. Kamati ya mazishi ilikaa sebuleni kwangu, nikawapikia chai. Watu walinishika mikono, nikawa naiangalia mikono yao, huyu ana pete, huyu ana kovu. Makaburini nilihesabu wanakwaya. Siku ya nne baada ya mazishi nilifungua kisiagi kwa sababu wateja walikuwa wamepanga ndoo mlangoni. Unga ulinijaa kwenye kope kama kawaida. Nilishukuru kwa ule mlio wa mashine, kwa kuwa mtu hawezi kukupa pole ukiwa husikii.

Lakini leseni ilikuwa kwa jina lake. Mita ya umeme, jina la biashara, ploti, vyote vilikuwa kwa jina lake, na kila ofisi niliyoingia ilinirudisha. Dada mmoja wa kanisani akanielekeza kwa wakili Thika mjini, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Wakili alikuwa mwanamke wa umri wa binti yangu mkubwa au kumzidi kidogo. Kazi yake ilikuwa mirathi na mambo ya biashara. "Watu waliokufa na kampuni zilizo hai," alisema mwenyewe, "na mara nyingine kinyume chake."

Nilimpa ile fuliskepu nikiwa na hakika nimeleta kazi iliyokamilika, kama mwanafunzi anayejua amepata zote.

Wakili huyo ana desturi moja, ikumbuke. Husoma karatasi kuanzia chini. Hakuangalia maneno ya mzee wangu. Aliweka kidole kwenye sahihi.

"Huyu shahidi wa kwanza ni nani?"

"Mzee wa kanisa letu."

"Na huyu wa pili, aliyepiga mstari?"

"Ni mimi."

"Wewe ndiwe mke?"

"Ndiyo."

"Umeachiwa kitu humu ndani?"

"Kisiagi. Soma hapo juu."

Hakusoma juu. Alivua miwani, akainuka kwenda kwenye birika. "Mama, chai yako niweke sukari?"

Nimefundisha muda mrefu. Mtu akikupa chai kabla ya jibu, unajua umekosa.

Alinieleza, na sasa nakueleza kama alivyonieleza. Wosia wa kuandikwa unahitaji mashahidi angalau wawili. Kazi ya shahidi ni kusema, baadaye, kwamba kweli marehemu alitia sahihi kwa hiari yake. Sheria inaogopa kwamba mtu anayepata kitu katika wosia anaweza kudanganya ili akipate. Kwa hiyo inasema hivi: shahidi akiwa pia amerithishwa, wosia unabaki, lakini kile alichoachiwa yeye kinaanguka. Hata mke au mume wa shahidi hukosa. Kungekuwa na mashahidi wengine wawili wasiopata chochote, ningepona. Hawakuwapo. Tulikuwa mzee wa kanisa na mimi.

"Lakini bodi ya ardhi..." nikaanza.

"Bodi wanataka mke asaini kwa sababu mali inatoka," alisema. "Kwenye wosia mali inakuja kwako. Ni karatasi moja tu, mama, ambayo mke anayependwa hapaswi kuigusa. Na ndiyo mliyoigusa."

Alichora kisanduku kwenye karatasi, akaandika KISIAGI, akanichora mimi kando yake kama kijiti chenye sketi. Kwa kuwa zawadi yangu ilianguka, kisiagi kingegawanywa kana kwamba mzee wangu hakusema lolote juu yake. Ningekitumia maisha yangu yote, lakini kisingekuwa changu. Nisingeweza kukiuza wala kukiweka rehani bila watoto kukubali, na baada yangu kingekuwa chao.

Nilikunywa ile chai yote. Nakumbuka kulikuwa na kalenda ya kampuni ya mbolea ukutani, na picha ya ng'ombe mwenye kibandiko sikioni. Nilimwangalia ng'ombe huyo kwa muda mrefu.

"Kuna njia," wakili akasema. "Watoto wote watatu ni watu wazima. Wakiridhia kwa maandishi kwamba kisiagi kiwe chako kama baba yao alivyotaka, tunapeleka ridhaa hiyo mahakamani. Lakini wote. Mmoja akikataa, hatuna kitu."

Mabinti walitia sahihi siku hiyo hiyo waliyofika, mmoja akiwa amesimama kwa sababu alikuwa na haraka ya kurudi chuoni. Akabaki kifungua mimba, yule wa darasa la tatu.

Sasa ni mtu mzima wa ndevu, fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja Eneo la Viwanda. Anaishi Ruiru na mke wake, kwenye ile ploti ya baba yake, katika nyumba anayoijenga chumba kwa chumba. Alikuja kwa wakili akiwa bado na ovaroli, anafuta mikono kwa kitambaa.

"Sasa, wakili."

"Poa. Karibu, kaa."

"Habari, Mwalimu."

"Nzuri, baba. Umekula?"

"Nitakula." Akavuta karatasi. "Wewe ndiye ulinifundisha nisisaini kitu sijasoma, si ndiyo?"

Alisoma mara mbili. Midomo yake ilicheza kidogo kwenye maneno magumu, kama zamani. Kisha akaweka kalamu juu ya karatasi, kwa upole, na kuisukuma mbali.

"Siwezi."

"Kuna mahali hujaelewa?" wakili akauliza.

"Nimeelewa. Hapo ndipo shida ilipo." Akamgeukia wakili, si mimi. "Nikisaini, kisiagi ni cha Mwalimu kabisa?"

"Kabisa."

"Na siku Mwalimu akienda, Mungu apishe mbali, kitakuwa cha nani?"

"Cha watoto wake."

"Ambao ni wangapi?"

"Watatu," nikasema.

"Hao ni wa mdomo." Bado hakuniangalia. "Wa karatasi ni wangapi?"

Mimi, niliyewafundisha watoto wa watu kuandika kila kitu, nilitafuta akilini karatasi moja yenye jina langu na lake pamoja. Ilikuwepo moja tu, fomu ya ripoti ya shule, upande wa mwalimu wa darasa.

"Ni mimi hubadilisha zile nyundo za kisiagi, zile zinazoponda mahindi," akasema. "Kila zikilika. Jumapili. Tangu nimalize kozi. Sijawahi kuitisha kitu." Akainuka. "Mnisamehe. Lori la kiwanda linaningoja."

Mlango ulipofungwa nikasema, "Nilimlea."

"Najua, mama."

"Nilimwosha vidonda. Nilimlipia mitihani."

"Najua. Lakini kazi yangu ni ya watu waliokwisha kufa. Hawawezi kuja kuniambia walimlea nani. Mimi huona karatasi tu."

Nilishuka ngazi. Dukani chini mwenye duka alikuwa akimweleza mteja namna ya kuchanganya dawa ya kupe, nami nikasimama nikasikiliza mpaka mwisho, na sina hata mbuzi.

Wiki iliyofuata nilikwenda Ruiru kwa kifungua mimba. Mke wake alinipokea kwa mikono miwili, akaniwekea chai na viazi vitamu. Mumewe alikuwa nje, ameifungua pampu ya maji na kuipanga vipande vipande juu ya gunia. Niliketi kwenye tofali karibu naye. Vyuma vya nguzo vilikuwa vimetokeza juu ya paa la chumba cha pili, vikingoja ghorofa.

"Nitaandika wosia," nikamwambia. "Nitaweka jina lako. Ninyi watatu sawa."

Alipuliza uchafu kwenye bomba. "Wosia unaweza kuubadilisha kesho asubuhi. Nimeuliza."

"Unafikiri nitaubadilisha?"

"Sifikirii hivyo. Lakini mzee naye hakufikiri utapoteza kisiagi kwa ajili ya rula."

Mke wake, aliyekuwa akianika nguo, akasema, "Wee! Ongea na mama vizuri."

"Naongea vizuri. Si ni yeye alituambia darasani tutoe sababu?"

Nilijua nilipaswa kukasirika, au kulia. Nilingoja nione kitakachokuja. Hakikuja kitu. Nikauliza tu, kama ningemuuliza mtoto aliyekwama kwenye hesabu, "Basi unataka nini? Niambie taratibu."

Aliweka bomba chini. "Sitaki kukunyang'anya, Mwalimu. Nataka kuwa ndani. Nimechoka kuwa mlangoni, naitwa mkanda wa mashine ukikatika."

Nilirudi kwa wakili na maneno hayo, nikampa kama yalivyo. Alifikiri, akachora tena kisanduku chake, lakini safari hii alikikata kwa mistari. Alisema tunaweza kufanya kisiagi kiwe kampuni ndogo. Kampuni hukatwa vipande vinavyoitwa hisa, na kila hisa ina jina la mwenyewe. Ridhaa tungeiandika upya: nusu yangu, nusu ya watoto watatu, kwa majina. Mahakama ikikubali, mali ingeingia kwenye kampuni kwa mafungu yale yale.

"Zikishakuwa kwa jina lake," akasema, "huwezi kuamka siku moja na hasira ukazifuta. Hiyo ndiyo tofauti na wosia."

"Na mimi nitaweza kukiuza?"

"Peke yako, hapana. Nusu haitoshi. Wala wao hawawezi bila wewe."

"Mzee wangu aliniachia chote."

"Ndiyo. Kwa hiyo sikushauri leo. Nenda nyumbani ulale kwanza."

"Nimelala sana tangu afe," nikamwambia. "Andika."

Usidhani ulikuwa ushujaa. Niliinua mkono kukubali kama mtu anavyoinua mkono kusimamisha gari. Lakini nilijua nilichokuwa nakitoa na nilijua ni kwa nani, na hiyo inatosha kwa karatasi.

Kifungua mimba alisoma ridhaa mpya mara mbili, akatia sahihi, akasema, "Asante, Mwalimu," na kurudi kazini. Karatasi zilikwenda mahakamani, zikakaa, zikarudi. Kampuni ikaandikishwa. Siku ya mwisho tulifika wote wanne kwa wakili, kwa kuwa nilitaka pia kuandika wosia wangu wa ile nusu iliyobaki: watoto watatu, sawasawa, majina yao kamili na namba za vitambulisho. Wakili alinisomea, nikaitikia. Akaniwekea karatasi mbele.

Kifungua mimba alivuta kiti, akachukua kalamu, akaikagua kama anavyokagua spana. "Haya, mimi nashuhudia wapi?"

"Usiguse!" Tulipiga kelele pamoja, wakili na mimi, mpaka kalamu ikamtoka mkononi ikabingirika chini ya meza.

"Ngai!" binti mdogo akasema, na wakaanza kucheka. Walicheka kwa zamu, mmoja akinyamaza mwingine anaanza. Yeye mwenyewe alicheka ameinama, akitafuta kalamu. Mimi nilisikia kitu kidogo kikisogea kifuani, kama mkanda unaoanza kushika, kisha kikatulia tena.

Wakili aliagiza watu wawili waitwe: mwenye duka la mbegu kutoka chini, na fundi cherehani mwenye chumba mwisho wa korido. Mwenye duka aliingia na vumbi la mbolea kwenye mikono.

"Nasaini nini? Hata debe la unga sipati?"

"Hata kijiko," wakili akasema.

"Hata nikisagiwa bure mara moja?"

"Hata hiyo."

"Sasa mimi ni wa nini hapa?"

"Ndiyo maana unafaa," nikamwambia.

Nilitia sahihi wao wawili wakinitazama. Kisha wao wakatia zao, fundi cherehani akitoa ulimi kidogo kwa bidii. Sikutumia rula.

Jumapili iliyofuata kifungua mimba alikuja Makongeni na nyundo mpya za kisiagi ndani ya mfuko wa sukari. Alizifunga, akawasha, akasikiliza kichwa kikiwa upande. Bado ananiita Mwalimu. Mzee wangu bado hayupo, na bado nikipita ile hospitali naangalia upande mwingine bila kujua kwa nini. Lakini leseni inayoning'inia ukutani sasa ina jina la kampuni, na nyuma ya jina hilo tuko wanne.

Nawe, ukifika nyumbani leo, toa karatasi ya wosia mahali ulipoificha, au mwombe mzee wako aitoe. Usianze na maneno ya juu. Anza chini, kwenye majina ya mashahidi. Ukikuta hapo jina la mtu yeyote anayerithi, au la mke wake, au la mume wake, iandikeni upya wiki hii, na muwaite watu wawili ambao hawapati hata kijiko.